Kiangazi cha Reli Iliyong'olewa

Mwakio alizikwa Voi mwezi uliopita, nami nilikwenda. Nilivuka mpaka wa Horohoro asubuhi na mapema, nikafika kwao jua likiwa juu, nikaketi na wanawake upande wa jikoni tukichambua mchele. Mmoja wao, mdogo wa mjane, akaniuliza nilimjuaje marehemu. Nikasema tulikuwa wote Doha. Akaitikia kwa adabu, akangoja niendelee, na mimi nikashindwa. Ningemwambia nini? Kwamba mume wa dada yake ndiye aliyenifundisha baiskeli nikiwa mwanamke mzima wa miaka ishirini na sita, na kwamba hakuna mwaka mwingine maishani mwangu ulionipeleka mbali kama ule? Nikainamia ungo. Lakini tangu nirudi Tanga sijatulia. Naanika nguo, nashtuka nimesimama na shati mkononi, maji yananichuruzika kwenye kiwiko. Wanangu wanaulizana mama ana nini. Mama hana kitu. Mama anazunguka Abu Hamour, mtaa wake wa Doha, anatafuta pa kuanzia.

Nianzie chumbani. Chumba changu kilikuwa nyuma ya jiko, kimepakana na mashine ya kufulia, na mashine ilipokamua ukuta wote ulitetemeka pamoja na kitanda. Palikuwa na kabati la plastiki, zulia la kuswalia, na dirisha lililotazama ukuta wa jirani, rangi ileile ya mchanga. Nyumba ilikuwa ndani ya kompaundi, nyumba nyingi zinazofanana kama mayai, na geti moja. Mwenye nyumba alikuwa mhandisi kutoka Amman; nilimwita Mhandisi, kwa kuwa hata mkewe alimwita hivyo mbele za watu, na mkewe nilimwita Madam. Walikuwa na watoto wawili, Yazan aliyekaribia miaka kumi na tatu, na Lina wa miaka minane, ambaye hasa ndiye aliyekuwa kazi yangu. Tulisemezana kwa Kiarabu kilichochanganyika na Kiingereza. Kiswahili nilikiweka kwa ajili ya simu na Ijumaa. Hawakuwa watu wabaya. Nalisema hilo mapema kwa sababu watu wakisikia Uarabuni hungoja habari za kupigwa na kumwagiwa maji ya moto, na mimi sina habari hizo. Nilikula walichokula wao. Waliniita kwa jina langu. Ila pasipoti yangu ilikaa kwenye sefu chumbani kwa Madam tangu siku niliyotua, na geti nililivuka Ijumaa tu, baada ya swala, nirudi kabla ya magharibi. Nilikwisha kaa hivyo miaka mitatu, na mtu angeniuliza ningesema nimezoea.

Wakati ule metro ya Doha ilikuwa bado michoro, na michoro yenyewe, au sehemu yake, ilikuwa kwenye meza yetu ya kulia. Mhandisi aliileta nyumbani kila jioni, na mimi nilisimama na sahani mkononi nikingoja aikunje. Ndivyo nilivyosikia habari ya njia ile. Alikuwa akimweleza mkewe juu ya bonde fulani kaskazini mwa Italia, milimani, ambako reli ya zamani iliachwa, ikang'olewa pamoja na mataruma yake, na juu ya tuta lake wakamwaga lami nyembamba ya kupita baiskeli. Mahandaki yapo, madaraja yapo, stesheni zimegeuzwa mikahawa. Mtu anateremka kutoka mji mdogo hadi mji mdogo kwa siku kadhaa, bila kukutana na gari hata moja. Alisema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti ya kijana. Madam akasema mgongo wake hautaki baiskeli, yeye atafuata na gari na mizigo.

"Na Lina?" akauliza.

"Zuhura atakuwa naye."

"Zuhura hajui baiskeli."

Mhandisi akanigeukia. Nilikuwa nimeshika bakuli la molokhia, ule mlenda wao wa kuku, na mvuke unanipiga usoni. "Unajua baiskeli, Zuhura?"

"Hapana."

"Tunaondoka Julai," akasema. "Utajua."

Akanunua baiskeli kuukuu kutoka kwa familia iliyokuwa ikihama, akamwomba mlinzi wa getini anifundishe saa zake za kazi zikiisha. Mlinzi huyo ndiye Mwakio. Alikuwa amenizidi miaka kumi hivi, mrefu, mkavu, mwenye kucheka kwa mabega bila kutoa sauti. Alikaa mtaa wa Najma, chumba kimoja na wanaume wenzake, na kila siku alikuja kazini kwa baiskeli yake mwenyewe kwa kuwa basi la kampuni, alisema, linamzeesha. Tulifanyia mazoezi nyuma ya kompaundi, karibu na majenereta, baada ya alasiri joto lilipopungua kidogo. Siku ya kwanza baibui langu liliingia kwenye mnyororo, ikabidi alikate kwa mkasi wa jikoni. Siku ya pili nilivaa suruali pana na kanzu fupi, kanzu nimeibana pembeni kwa vibanio vya nguo, na mayaya wa Kifilipino wakatoka kwenye milango ya jikoni zao kutazama.

"Wacha kuangalia tairi," Mwakio alikuwa akisema, ameshika siti nyuma yangu, anakimbia. "Tairi haiendi mahali. Angalia kule mbele, kwa hiyo taa."

"Nikianguka, kaka?"

"Utaanguka. Halafu utaamka tuendelee, mimi niko na njaa."

Nilianguka kwenye mchanga, nilianguka kwenye maua ya watu, niligonga pipa la taka mpaka likabonyea. Halafu jioni moja niliona nimefika kwenye ile taa na sauti yake iko mbali. Alikuwa ameachia siti kitambo. Sikupiga kelele wala sikucheka. Nilizunguka kompaundi nzima, nikapita mbele ya nyumba yetu, nikapita geti, nikarudi kwa majenereta, nikaanza tena, na Mwakio akakaa juu ya ukingo wa njia akaniacha nizunguke mpaka adhana ya magharibi ikaita.

Nikilifikiria sasa, taabu ilianzia hapo. Kabla ya baiskeli kompaundi ile ilikuwa kubwa ya kunitosha. Kwa miguu, kwenda dukani kwa Mmalayali, Mhindi wa kwenye kona, na kurudi ilikuwa safari. Kwa baiskeli haikuwa chochote, nilikuwa nimeanza tu kupata mwendo, ukuta huu hapa. Nikaanza kulala vibaya. Nikaanza kuwasikia watu wa nyumba ile, kila neno, kama mtu aliyezibuliwa masikio. Asubuhi moja nikipiga pasi nilimsikia Madam akiongea na dada yake kwa simu, sebuleni, mlango wazi, kwa kuwa aliamini Kiarabu changu ni cha jikoni tu. Alisema pasipoti ya binti wa kazi ataibeba yeye, mkobani, mchana na usiku, maana wengi wakifika Ulaya hukimbia, hata wale wazuri. Hata wale wazuri. Nilikunja mashati ya Mhandisi moja baada ya jingine, na lile neno likakaa nami jikoni siku nzima. Nilikuwa sijawahi kuwaza kukimbia. Yeye ndiye aliyeniletea wazo lile, na hakujua.

Ijumaa iliyofuata nikalipeleka Najma. Rafiki yangu Mwajuma, mtu wa Korogwe, alifanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, na chumba chake cha kupanga, juu ya duka la simu, ndicho kilichokuwa kwetu sote. Wanawake wanne, vitanda viwili vya ghorofa, jiko la gesi mlangoni, harufu ya nazi na dagaa wa kukaanga mpaka ngazini. Wageni walikaa vitandani, waliochelewa walikaa sakafuni. Mwakio alikuwepo siku hiyo, akila na mgongo kwenye friji. Nilipotaja Italia, Mwajuma aliweka mwiko chini.

"Dada yangu Rehema yuko huko," alisema. "Mtoto wa mama mkubwa. Anatunza kizee fulani. Nikimwambia atakuja kukuchukua, mji wowote."

"Kunichukua kwenda wapi?"

"Zuhura, usijifanye mtoto."

Kila mtu akawa na lake la kusema. Mmoja akasema Ulaya polisi hawana huruma, mwingine akasema binamu yake alikwenda hivyo hivyo na leo ana nyumba. Mwakio hakusema kitu mpaka tulipokuwa tunashuka ngazi. Alikuwa na habari zake mwenyewe za reli: kwao, kutoka Voi kwenda Taveta, kulikuwa na treni alipokuwa mdogo, na sasa vyuma vimelala tu porini, nyasi zimevipita urefu, mbuzi ndio wanaotembea juu yake. Alipenda kuieleza. Siku hiyo hakuieleza. Akasema, "Mimi ningekuwa wewe, singerudi. Nakuambia kama dadangu. Hapa tunangoja tu, na hata hatujui tunangoja nini." Akapanda baiskeli yake akaenda. Ratiba ya Mhandisi ilikuwa kwenye friji yetu tangu Mei, miji yote na siku zake. Niliisoma kila nilipotoa maziwa, na mwisho nikampa Mwajuma jina la mji wa tatu na siku yake, amwambie Rehema anisubiri stesheni.

Sitalitaja bonde lile kwa jina, kwa kuwa sikuwahi kulitamka sawasawa, na watu wake walinicheka kwa upole. Ninachokumbuka kwanza ni baridi ya asubuhi, mwezi wa Julai, na maji yanayosikika kila mahali bila kuonekana. Njia ilikuwa kama Mhandisi alivyosema. Ilipita juu ya mto kwa daraja la chuma, ikaingia mlimani, ikatokea kwenye mji wa nyumba ishirini na kanisa, mtu anamwagilia nyanya, mbwa kalala katikati ya lami, kisha msitu tena. Bado uliweza kuona kwamba ilikuwa reli. Haikuwa na kona kali wala mlima wa ghafla. Ilipinda taratibu, kama kitu kizito kinachojua hakiwezi kugeuka upesi. Mhandisi na Yazan walitangulia kila siku, nyuma nikaja mimi na Lina na baiskeli yake nyekundu, na Madam alitungoja na gari mahali pa chakula cha mchana. Kwa saa nyingi kila siku, basi, hakuna mtu mzima aliyeniona. Hilo halikuwa limenitokea tangu nitoke kwetu. Ungetegemea nifurahi. Nilikuwa na furaha, lakini ilikuwa furaha ya mtu anayetazama saa.

Kwenye handaki la kwanza Lina alikataa kuingia. Alisimama mdomoni mwa handaki, upepo baridi unatoka ndani, akasema atarudi. Nikamwambia anitajie watoto wote wa darasa lake, kwa sauti kubwa, mpaka tutokee upande wa pili. Tukaingia. Taa ziliwaka zenyewe mbele yetu tulivyosogea na kuzimika nyuma, na majina ya watoto wa shule ya Doha yakagonga mawe ya Italia: Maryam, Joud, Abdulla, Tala. Tulipotoka juani alikuwa amebakiza wawili, akawataja hivyo hivyo.

Jioni ya pili tulilala nyumba ya wageni ambayo mwenyewe, mama mmoja mkali, alitaka kila mtu mzima amwonyeshe pasipoti yake mwenyewe. Madam akafungua mkoba akanipa yangu. Yule mama akaitazama, akanakili anachonakili, akanirudishia mkononi. Madam alikuwa anagombana na Yazan kwa ajili ya viatu vilivyolowa. Nikasimama pale na kitabu kile kidogo, jalada lake limepauka pembeni, picha yangu ya miaka mitatu nyuma inanitazama kama mdogo wangu. Nikakitia kwenye mfuko niliovaa kiunoni, chini ya kanzu. Wakati wa chakula, supu na mkate mweusi na jibini, nilingoja Madam aniombe. Hakuniomba. Nikaoga mfuko ukiwa umening'inia mlangoni mbele ya macho yangu.

Kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya mji wa tatu. Stesheni yake ilikuwa nyumba ya njano yenye saa iliyosimama, na ndani, mahali walipokatia tiketi zamani, bibi mmoja aliuza kahawa na aiskrimu. Mhandisi na Yazan walikwisha pita. Lina akataka aiskrimu. Dirishani alikuwa ameketi mwanamke mweusi, mdogo wa umbo, kilemba cha kijani, koti zito mno kwa siku ile.

"Shikamoo, dada," nikasema.

"Marahaba, mdogo wangu. Kaa." Alimtazama Lina aliyekuwa anachagua ladha. "Huyu ndiye mtoto?"

"Ndiye."

"Mzuri." Akazungusha kikombe. "Basi linapita saa sita. Kituo ndicho hicho hapo nje. Kwangu pa kulala papo mpaka upate pako."

"Na kazi?"

"Kazi ipo. Wazee ni wengi, watoto wao wako mbali. Utamwosha mtu, utamlisha, utalala chumba cha nyuma." Akasogeza kikombe pembeni. "Chumba cha nyuma unakijua."

Nikamuuliza amekaa miaka mingapi. Akasema tisa. Akasema mama yake, yule mama mkubwa wa Mwajuma, alifariki katikati ya miaka hiyo, naye hakwenda, kwa kuwa akitoka hana karatasi za kurudia. Alisikiliza mazishi kwa simu, amesimama kwenye ukumbi wa ghorofa ya watu. Aliyasema hayo yote bila kuyapamba, kama mtu anayekuonyesha vyumba vya nyumba.

"Sikutishi," alisema. "Nakwambia usije ukanilaumu."

"Ungekuwa wewe?"

"Ningekuja. Hata leo ningekuja." Akamwelekezea Lina kidevu. "Ila mimi sikuwa na mtoto wa watu mezani."

Lina alikuwa amekaa karibu nasi, miguu haifiki chini, midomo imekuwa ya zambarau. Baba yake alikuwa mbele, ng'ambo ya handaki refu kuliko yote. Mama yake alikuwa mbali zaidi. Bibi wa kahawa hakujua neno la lugha yoyote niliyoijua. Nikamwambia Rehema, kesho. Kesho tunalala mji wa mwisho, mtoto atakuwa na mama yake, nitatoka kama naenda dukani. Akatikisa kichwa. Leo yenyewe aliiombea ruhusa kwa machozi, kesho hana. Tukakaa. Nilikuwa na pasipoti kiunoni, miguu yenye nguvu, na nusu saa, na niliitumia nusu saa ile kumsikiliza akiniuliza bei ya vitenge Doha. Basi likaja, jeupe, karibu tupu. Rehema akanikumbatia kwa nguvu, akalipia aiskrimu, akatoka. Nilimwona akipanda, akichagua kiti, akiweka mkoba kwenye kiti cha pembeni ambacho kingekuwa changu.

"Ni nani?" Lina akauliza.

"Mtu wa kwetu."

Nilipiga pedeli siku hiyo mpaka mapaja yakawaka, na kila mara nilisikia sauti ndogo nyuma ikisema, Zuhura, ningoje. Nilingoja. Kwenye mji wa mwisho, watoto walipoogelea na baba yao, niliomba nikatembee, na Madam akasema nenda. Nikachukua baiskeli nikarudi juu, njia ileile, peke yangu, kinyume na mteremko, mpaka pumzi ikaniishia kwenye daraja. Nilikaa pale nikatazama maji. Nilikuwa nimebaki bila sababu ya kurudi na bila mahali pa kwenda, mambo mawili kwa pamoja, na sijui hata leo ni lipi lililonisimamisha. Nilipofika nyumba ya wageni, Madam alikuwa roshanini, amesimama, ameshika chuma. Uso wake ulikuwa umepauka. Akasema chakula kiko mezani.

Tulirudi Doha Agosti, ule unyevunyevu unaokufunika usoni ukishuka tu ndegeni. Mwakio alikuwa zamu. Aliinama dirishani mwa gari kuwasalimu, akaniona kiti cha nyuma, akanyanyuka bila kunisemesha. Alasiri nilikwenda getini.

"Umerudi," alisema. Hakusema karibu.

"Nimerudi."

"Mimi niliambia watu huwezi rudi. Hata tulikosana na Mwajuma, yeye anasema atarudi, mimi nasema hawezi."

"Umekasirika, kaka?"

Akafikiri. "Sijui kama ni hasira. Ni kama ni mimi wamerudisha."

Ijumaa, Najma, alinitaka nieleze njia nzima, na mimi nikaeleza, madaraja, mahandaki, stesheni ya njano, mpaka wali wake ukapoa mbele yake. Aliuliza kama watu wa miji ile walisikitika treni ilipokufa. Sikujua. Aliuliza lami ilikuwa pana kiasi gani, nikamwonyesha kwa mikono. Kabla ya mwaka kuisha aliacha kazi akarudi kwao. Reli ya kwao ilibaki porini vilevile, naye alilima, akafuga, akasomesha, akanipigia simu kila Idi ingawa alikuwa Mkristo. Lakini hilo lilikuwa baadaye.

Wiki ile ya kurudi, Madam aliingia jikoni nikiwa natoboa mamumunye madogo ya kujaza wali.

"Zuhura, pasipoti."

"Ninayo, Madam."

"Najua unayo. Nipe niirudishe kwenye sefu."

"Nitakaa nayo mwenyewe."

Nilijishangaa kwa jinsi sauti yangu ilivyotoka ya kawaida. Alisimama karibu na friji, ambako ratiba ilikuwa bado imebandikwa. "Unadhani kule nilisahau kukuomba?" alisema. "Sikusahau. Usiku uleule nilimwambia Mhandisi unayo. Akasema tuache, tuone."

Mkono wangu ukasimama ndani ya mumunye. Siku zote zile, handaki kwa handaki, nilidhani nimeiba muda wangu mwenyewe, kumbe walinipa wao, wakakaa wanatazama. "Kwa hiyo mlikuwa mnanipima."

"Tulikuwa tunaogopa," Madam akasema, na naamini alisema kweli.

"Basi mmeshaona. Itakaa kwangu."

Madam aliibandua ile ratiba, akaikunja, akatoka nayo. Hakuniomba tena. Lakini mimi sikutulia, nilihangaika hata kuliko awali. Nilikuwa na pasipoti chini ya godoro na bado nilivuka geti Ijumaa, bado nilirudi kabla ya magharibi. Mwajuma akaniambia hoteli yao inatafuta wanawake wa kufulia, chumba cha kampuni, siku nzima ya mapumziko. Kinachotakiwa ni karatasi ya mwajiri wa zamani kukuruhusu. Nikasema nitaomba. Nikapitisha wiki. Kila nilipomwona Lina akivua viatu vya shule mlangoni nikajiambia, bado kidogo.

Mchana mmoja alikuwa jikoni anakula mkate wa labne, yale maziwa yao mazito ya mgando, ananing'iniza miguu, mama yake amelala. Bila kuniangalia akasema, "Yule mwanamke mwenye kilemba alitaka kukuchukua?"

Niliwaza kumdanganya. "Ndiyo."

"Sikumwambia Mama."

"Najua. Asante."

"Kwa nini hukwenda naye?"

"Nilikuwa na wewe. Ningekuachaje pale peke yako?"

Alitafuna akamaliza, akalifikiria jambo lile kama hesabu ya shule. "Ningemngoja Baba," alisema. "Yule bibi alikuwa mwema. Ningekula aiskrimu nyingine."

Nilicheka mpaka nikakaa kwenye kigoda, na yeye akacheka kwa kuwa mimi nacheka, kisha nikajikuta nafuta macho kwa upindo wa mtandio na Lina ananiuliza nimefanya nini. Miezi yote nilikuwa nimembeba mtoto yule kama sababu yangu, na mwenyewe hakuwa na habari. Nikanawa mikono. Nikaenda kubisha mlango wa chumba ambamo Mhandisi alifanyia kazi siku alizokaa nyumbani.

Nilimwambia habari ya hoteli na karatasi. Alinisikiliza amevua miwani.

"Tumekukosea?" akauliza.

"Hapana."

"Mshahara?"

"Hapana, Mhandisi. Tangu tulipotoka kule situlii. Nilidhani itapita."

Alitazama michoro yake kwa muda, mistari ya rangi ikipita chini ya mji. "Haipiti," alisema. "Baba yangu alitaka nikae dukani kwake. Duka la vitambaa." Akavuta karatasi, akaanza kuandika, na kabla ya kutia sahihi akasimamisha kalamu. Akasema Madam ataumia lakini atazoea, Yazan hatasema kitu, ila kuna jambo moja analoniomba, nimwambie Lina mimi mwenyewe, asilisikie kwa mtu mwingine.

Nikamwambia ni Lina aliyenituma.